Majina Yasiyofutika: Mofolojia ya Majina ya Miito ya Mfumo katika Unix na Linux

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uundaji wa majina ya miito ya mfumo katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, hususani Linux. Majina hayo huundwa na watu wachache, hutumiwa na wengi, na yakishatolewa hayafutiki. Makala yanaonesha kwamba yana viambishi, alomofu, homonimu na maumbo ya mlinganisho kama ilivyo katika lugha asilia, na kwamba utata mkubwa zaidi umo katika tarakimu zinazowekwa mwishoni mwa jina. Data zimetokana na majina yenyewe kama yanavyoonekana katika matoleo ya Linux yaliyotolewa hadharani.

1.0 Utangulizi

Taaluma ya istilahi katika Kiswahili kwa kawaida huanzia pale ambapo dhana imekwisha kupewa jina katika lugha nyingine. Mwanaistilahi huulizwa: neno hili la Kiingereza tuliiteje? Swali linalotangulia hilo, yaani jina la awali lilipatikanaje na lina kasoro gani, huulizwa mara chache. Katika uwanja wa kompyuta kupuuza swali hili kuna gharama, kwa sababu mfasiri hurithi kasoro za jina pamoja na jina lenyewe.

Miito ya mfumo inafaa kwa uchunguzi wa aina hii. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa diski, kadi ya mtandao wala kumbukumbu ya programu nyingine. Inapotaka kusoma faili au kuanzisha mchakato mpya, ni lazima iombe kiini cha mfumo endeshi kiifanyie kazi hiyo. Ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Linux inayoendeshwa katika vichakato vya x86-64 ina miito zaidi ya 300, na kila toleo jipya la kiini laweza kuongeza mmoja au zaidi.

Kiini chenyewe hakijui majina. Kinajua namba. Mwito wa kusoma, “read”, ni namba 0 katika x86-64, namba 3 katika vichakato vya zamani vya i386, na namba 63 katika arm64. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa unasibu wa ishara aliouzungumzia Saussure: kitajwa kimoja, vitaji vitatu, wala hakuna kati yao kilicho na uhusiano wa asili na tendo la kusoma. Jina “read” lipo kwa ajili ya binadamu: mwandishi wa programu, msomaji wa mwongozo, na maktaba ya lugha ya C inayosimama kati ya programu na kiini.

Hata hivyo, jina hilo la binadamu halibadilishwi kirahisi kuliko namba. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba badiliko la kiini lisivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Namba ikibadilishwa, programu zilizokwisha kutengenezwa huanguka. Jina likibadilishwa, maandishi ya programu yanayolitaja hayawezi tena kujengwa. Katika istilahi za kawaida neno baya laweza kuachwa polepole na neno jingine likachukua nafasi yake. Hapa neno baya hubaki, na jipya huwekwa kando yake.

2.0 Ufupi na gharama yake

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mashine zilikuwa ndogo, na mawasiliano nazo yalipitia mashine za kuchapa za mwendo wa taratibu. Majina ya wakati huo yanabeba alama ya mazingira hayo: “dup” kwa kurudufu, “chmod” kwa kubadili ruhusa za faili, “umount” kwa kuondoa mfumo wa faili uliokuwa umepachikwa. Linalojulikana kuliko yote ni “creat”, mwito wa kuunda faili, ambao unakosa herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba zana za zamani ziliweka kikomo cha urefu wa majina. Kikomo hicho kilikuwepo kweli: hata kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kilihakikisha herufi sita tu za mwanzo katika majina yanayoonekana nje ya faili moja. Lakini neno kamili la kuunda lina herufi sita, si saba, kwa hiyo kikomo hicho pekee hakitoshi kueleza “creat”. Iliyotawala hapa ni tabia ya kufupisha, na tabia hiyo ilivuka mipaka ya mahitaji. Kernighan na Pike, katika kitabu chao cha mwaka 1984 kuhusu mazingira ya Unix, wanasimulia kwamba Thompson alipoulizwa angebadili nini kama angeanza upya, alijibu kuwa angeirudisha herufi hiyo. Katika Plan 9, mfumo uliotengenezwa baadaye katika maabara zilezile, mwito huo unaitwa “create”. Katika Linux bado ni “creat”.

Ufupishaji wa Kiswahili, kama unavyoonekana katika UKIMWI na BAKITA, hufuata silabi: sehemu zinazobaki hutamkika na hupokea viambishi bila shida. Ufupishaji wa Unix hufuata jicho na kidole. “Chmod” haitamkiki kwa kanuni za Kiingereza wala za Kiswahili, na waandishi wa programu huitamka kila mmoja kwa namna yake.

3.0 Viambishi

Kwa vigezo vya uundaji wa istilahi vya Kiingi vinavyojulikana kama PEGITOSCA, majina ya kale ya Unix yanapata alama ya juu katika iktisadi na ya chini katika uwazi. Kigezo cha uzalishi kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo mfumo huu ulipojijenga upya kwa ustadi usiotarajiwa.

Mwito “stat” huleta taarifa za faili kwa kulitaja jina lake. Kiambishi awali “f-” kikiwekwa, “fstat” hufanya kazi ileile kwa faili ambalo limekwisha kufunguliwa na kupewa namba. Kiambishi “l-” kikiwekwa, “lstat” hutoa taarifa za kiungo chenyewe badala ya faili linaloelekezwa na kiungo hicho. Mpangilio huohuo unaonekana katika “chown”, “fchown” na “lchown”. Mzizi unabaki, na kiambishi kinabadili uhusiano kati ya tendo na kitendwa. Msomaji wa Kiswahili ataona ukaribu na minyambuliko ya kitenzi, ingawa hapa mnyambuliko huja mwanzoni mwa mzizi.

Viambishi tamati navyo vipo. “-v” huonesha kwamba data zimegawanywa katika sehemu nyingi zinazoshughulikiwa kwa pamoja: “readv”, “writev”. “-at”, iliyoingia Linux mwaka 2006 pamoja na kundi zima la miito, huonesha kwamba njia ya faili inahesabiwa kuanzia saraka fulani iliyotajwa: “openat”, “mkdirat”, “unlinkat”. Kiasili ni kihusishi cha mahali cha Kiingereza, lakini mahali pake katika umbo ni mwishoni, kama “-ni” katika nyumbani na mezani. Viambishi vya pande zote mbili vyaweza kukutana: “preadv” ni p-read-v, yaani kusoma kuanzia nafasi iliyotajwa, na kuweka kilichosomwa katika sehemu nyingi.

Uzalishi huo una dosari tatu.

Kwanza, alomofu hazina mazingira. Katika Kiswahili kauli ya kutendea huchukua -i- au -e- kutegemea irabu ya mzizi: pika hutoa pikia, soma hutoa somea. Mzungumzaji hahitaji kukariri. Katika majina haya, dhana ya kutendua huonyeshwa kwa “un-” katika “unlink”, “unshare” na “munmap”, lakini kwa “u-” peke yake katika “umount”. Neno la Kiingereza la udhibiti limefupishwa kuwa “ctl” katika “ioctl” na “prctl”, lakini “cntl” katika “fcntl”. Hakuna kanuni ya kifonolojia wala ya kimaana inayotabiri tofauti hizi. Ni za kukariri tu.

Pili, kuna homonimu. “L-” ya “lstat” ni ya kiungo, lakini “l-” ya “lseek” ni ya urefu wa namba: mwito wa awali, “seek”, ulipokea namba fupi, na ulipohitajika kupokea namba ndefu zaidi ukapewa herufi hiyo. “P-” ya “pread” inahusu nafasi ndani ya faili, ilhali ile ya “ppoll” huambatana na uwezo wa kuzuia ishara fulani wakati wa kusubiri. Ukataji wa mofimu nao huwa na utata. “Fsync” ni f-sync, lakini “fsopen” ni fs-open, ambapo “fs” ni mfumo wa faili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kwamba “ki” ya kiti, ya akija na ya kitoto si mofimu moja hatashangaa. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina upatanishi wa kisarufi unaosaidia kutenganisha matumizi hayo, na majina ya miito hayana msaada huo.

Tatu, kuna maumbo yaliyozaliwa kwa mlinganisho tu. Kundi la mwaka 2006 lilikuwa na “fchmodat” na “fchownat”, ambazo angalau zilikuwa na ndugu “fchmod” na “fchown”. Lilikuwa pia na “faccessat”. Linux haina mwito wowote unaoitwa “faccess”; kuna “access” pekee. Kiambishi “f-” hapo hakijatokana na chochote isipokuwa mfano wa majirani zake, wala hakina kazi, kwa kuwa “-at” imekwisha kubeba maana yote. Wakati huohuo “mkdirat” na “renameat” katika kundi lilelile hazina “f-”.

4.0 Tarakimu

Mwito unapohitaji kuongezewa uwezo, na jina la zamani haliguswi, jina jipya linatoka wapi? Njia iliyotumiwa sana ni kuongeza tarakimu. Hapa pana fujo kubwa kuliko zote, na fujo hiyo ina historia inayoweza kufuatiliwa.

Katika desturi ya zamani, tarakimu ilihesabu vigezo. “Dup” ina kigezo kimoja, “dup2” ina viwili. “Wait3” na “wait4”, zilizotoka katika tawi la Unix la Berkeley, zina vitatu na vinne. Desturi hiyo ilifuatwa kwa uaminifu mwaka 2008 katika Linux 2.6.27, ilipoongezwa miito sita kwa mkupuo. Sababu yake ilikuwa ya usalama. Programu ilihitaji kukiambia kiini kwamba faili fulani lifungwe pindi mchakato unapoanza programu nyingine. Lakini agizo hilo lilitolewa kwa hatua ya pili, baada ya faili kufunguliwa, na katika mwanya kati ya hatua hizo mbili uzi mwingine wa programu hiyohiyo uliweza kuanzisha programu mpya na kuirithisha faili isilopaswa kuliona. Dawa ilikuwa kutoa agizo palepale pa kufungua, kwa kigezo cha bendera. Ndipo zikaja “dup3” yenye vigezo vitatu, “pipe2” na “eventfd2” zenye viwili, “signalfd4” yenye vinne, na “epoll_create1” na “inotify_init1” zenye kimoja. Ya “epoll_create1” ina kichekesho chake: mwito wa zamani, “epoll_create”, nao ulikuwa na kigezo kimoja, kwa hiyo tarakimu hiyo haiutofautishi na mtangulizi wake kwa hesabu.

Miaka sita baadaye ikatolewa “renameat2”. Ina vigezo vitano. Tarakimu yake ina maana ya toleo la pili. Kutoka hapo maana ya toleo ndiyo iliyotawala: “mlock2” ina vigezo vitatu, “openat2” ya mwaka 2020 ina vinne, na “clone3” ya mwaka 2019 ina viwili tu. Hiyo ya mwisho inaitwa ya tatu kwa sababu “clone2” ilikwisha kuwepo katika vichakato vya Itanium. Anayeisoma “clone3” kwa kanuni iliyozaa “signalfd4” atakosea, na anayeisoma “signalfd4” kwa kanuni iliyozaa “clone3” atatafuta matoleo mawili ambayo hayakuwahi kuwepo.

Mabadiliko haya ni uchanganuzi upya wa kawaida kabisa. Maumbo ya daraja yalikuwepo tangu mwanzo: “dup2” ina vigezo viwili na pia ni ya pili, “dup3” ina vitatu na pia ni ya tatu, “pipe2” na “eventfd2” zinakubali tafsiri zote mbili. Aliyekutana na hizo kwanza hakuwa na namna ya kujua ni tafsiri ipi iliyokusudiwa, na aliyechagua toleo hakupingwa na data. Ni “signalfd4”, “accept4” na “epoll_create1” pekee zinazofichua kanuni ya kale, nazo hazitumiki kwa wingi kama “dup2”. Pamoja na hayo, “mmap2” haifuati desturi ya kuhesabu vigezo: hiyo na mtangulizi wake zinatofautiana katika kipimo cha nafasi ndani ya faili, ambacho katika “mmap2” huhesabiwa kwa mafungu ya baiti 4096.

Tarakimu 64 ina bahati zaidi. Katika “stat64” na “clock_gettime64” inahusu upana wa namba kwa biti, na hakuna anayedhani kuna vigezo sitini na vinne. Hii ya pili iliongezwa mwaka 2019 kwa ajili ya vichakato vya biti 32, ambavyo hesabu yake ya sekunde tangu 1970 itafikia ukomo Januari 2038. Ukubwa wa tarakimu wenyewe unaondoa utata.

Kuna pia njia ya vivumishi. Katika orodha ya i386, mwito unaotaja jina la mfumo una vizazi vitatu: namba 59 ni “oldolduname”, namba 109 ni “olduname”, namba 122 ni “uname”. Hapa, kinyume cha “creat”, jina la zamani lilihamishiwa kwa mwito mpya na wa zamani ukabandikwa neno la uzee, mara mbili ilipobidi. Kwingine ni kipya kilichobandikwa upya wake: “newfstatat”, “_newselect”. Wakazi wa miji mingi ya Afrika Mashariki wanaijua stendi mpya ambayo vijana wa leo wameikuta. Vivumishi vya wakati havifai katika jina linalokusudiwa kudumu.

5.0 Mpangilio wa vipashio

Majina ya kale huanza na kitenzi: “getpid”, “setuid”. Yaliyofuata, kwa sehemu kubwa, huanza na nomino na kuitenga kwa alama ya mstari wa chini: “timer_create”, “pidfd_open”, “io_uring_setup”, “landlock_add_rule”. Nomino ya mwanzo hufanya kazi inayofanana na ya ngeli: hutangaza familia, na vinavyofuata hueleweka kwa kuihusisha nayo. Ni mpangilio bora, kwa sababu msomaji wa orodha ya kialfabeti hukuta ndugu wote mahali pamoja. Lakini si kanuni inayoshika. Linux 5.2 ya mwaka 2019 ilileta kundi moja la miito ya kupachika mifumo ya faili, likiwa na “fsopen”, “fsconfig”, “fsmount” na “fspick”, na katika kundi hilohilo “open_tree” na “move_mount”, zinazoanza na kitenzi na kutumia mstari wa chini.

Ulinganisho na Windows unafaa kutajwa kwa ufupi. Huko miito ya ndani huandikwa kwa maneno kamili: “NtCreateFile”, “NtReadFile”. Uwazi ni mkubwa, iktisadi ni ndogo. Hata hivyo miito hiyohiyo ina majina pacha yanayoanza na “Zw”, na Microsoft yenyewe imeandika kwamba herufi hizo si kifupisho cha chochote.

6.0 Kuepuka jina jipya

Mwongozo rasmi wa kuongeza miito katika Linux unaorodhesha jozi kama “dup2” na “dup3”, “pipe” na “pipe2”, “renameat” na “renameat2” kama onyo, na unashauri kila mwito mpya uwe na kigezo cha bendera tangu mwanzo. Katika “clone3” na “openat2” hatua imekwenda mbali zaidi: vigezo vimekusanywa katika muundo mmoja unaopelekwa pamoja na ukubwa wake, ili sehemu mpya ziongezwe baadaye bila kubuni jina. Kiisimu, huu ni uamuzi wa kuacha unyambulishaji na kuruhusu leksimu moja ipanuke kimaana.

Gharama ya jina jipya si ya uzuri wa lugha tu. Linux ina chujio la miito liitwalo seccomp, ambalo huziruhusu programu miito iliyotajwa na kuzinyima mingineyo. Chujio lililoandikwa jana haliujui mwito wa leo. Mwaka 2021, toleo 2.34 la maktaba ya C ya GNU lilianza kutumia “clone3”. Programu zilizokuwa ndani ya kontena zenye vichujio vya zamani zikashindwa kuanzisha nyuzi mpya. Maktaba ilikuwa na akiba: kama kiini kingejibu kwamba mwito huo haupo, ingerudi kwenye “clone” ya zamani. Vichujio vilijibu kwamba mwito hauruhusiwi, na jibu hilo likachukuliwa kuwa kosa halisi. Tatizo kama hilo lilikuwa limekwisha kutokea kwa “faccessat2”.

7.0 Upande wa Kiswahili

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ujumbe anaosomewa mtumiaji huhifadhiwa kando na programu na waweza kufasiriwa bila kuigusa. Majina ya miito hayana nafasi hiyo. Mwalimu anayefundisha mifumo endeshi kwa Kiswahili hawezi kuiita “creat” kwa jina jingine ndani ya programu, na kulifasiri jina zima kungempa mwanafunzi majina mawili ya kukariri badala ya moja.

Kinachoweza kufanywa kwa Kiswahili ni kueleza mofimu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuchanganua anampikia katika vipashio vyake tayari ana zana za kuchanganua “preadv” na “fchownat”, na orodha fupi ya viambishi yenye maelezo ya Kiswahili itamfaa kuliko faharasa ya miito mia tatu. “F-” yaweza kuelezwa kuwa “kwa faili lililofunguliwa”, “l-” kuwa “kwa kiungo chenyewe” isipokuwa katika “lseek”, “-at” kuwa “kutoka saraka iliyotajwa”, na “-v” kuwa “kwa sehemu nyingi”. Kwa tarakimu, orodha hiyo haiwezi kutoa maelezo moja. “Signalfd4” italazimika kuandikwa “yenye vigezo vinne”, “clone3” iandikwe “toleo la tatu”, na “dup3” ipewe maelezo yote mawili, huku ikitajwa kwamba la vigezo ndilo lililokusudiwa mwaka 2008.